Sinema Isiyokuwa na Steringi

Kinyozi jirani yangu amenunua jenereta. Umeme wa Garsen ukikatika, na hukatika kama mtu anayepepesa macho, yeye huvuta kamba mara tatu, mashine inakohoa, na moshi wote unaingia dirishani kwangu bila hodi. Mwingine angeenda kulalamika. Mimi naacha kupepeta mchele, nakaa pale pale, navuta pumzi. Petroli, vumbi la moto, bati lililopigwa jua mchana kutwa. Watu wanasikia harufu ya jenereta. Mimi nasikia harufu ya sinema.

Wa rika langu mnanielewa. Tulikua kabla simu hazijawa na picha ndani yake, wakati picha zinazotembea zilikaa mahali pamoja, na mahali penyewe palikuwa banda la video lenye mlango wa gunia.

Kabla sijaendelea niseme wazi kwamba mimi ni mtu wa nyumbani, asije mtu akadhani nasimulia miji ya mbali kwa kuwa nimeikanyaga. Safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya Malindi, kung'olewa jino, na nilirudi siku hiyo hiyo kabla ganzi haijaisha. Niliomaliza nao kidato cha nne wako Mombasa, Nairobi, wengine Uarabuni. Wakija sikukuu huniuliza, "Bado uko?" kana kwamba nilipandwa hapa na serikali. Bado niko. Lakini mji mmoja wa ng'ambo niliuona nikiwa na miaka tisa, kwa muda wa saa moja na nusu hivi, nimekaa kwenye mkeka karibu na spika. Hadi leo mtu akitaja ughaibuni, mimi naona mji ule tu, na mvua yake nyembamba kama unga unaochekechwa.

Wakati huo niliishi na Nyanya, mama wa mama yangu. Mama alikuwa ameolewa Bura, kule kwenye skimu ya umwagiliaji, ambako maji huja kwa mfereji na kwa ratiba. Nyanya aliidharau sana ratiba hiyo. Kwake, maji yenye heshima zake huja yakitaka na huondoka yakitaka. Nilipelekwa kwake nikae naye siku chache, nikiwa na miaka mitano, na hakuna aliyekumbuka kuja kunichukua. Aliniita mke mwenzangu, kama nyanya wengi wanavyowatania wajukuu wa kike, na kwa kweli tuligombana kama wake wenza: nani amekula ukoko, nani amevuta shuka lote, nani ameacha kuku wakaingia jikoni.

Mjomba Buya alikuwa kitinda mimba wake. Simkumbuki akiondoka. Nilichokuwa nacho ni masimulizi: kwamba alikwenda Mombasa kutafuta kazi, akapata kazi ya jikoni kwenye meli, akateremka mahali, na mahali pale pakampeleka mahali pengine. Mwanzoni alipiga simu kwenye duka la jirani, na Nyanya aliitwa akikimbia na unga mikononi. Halafu namba ikawa haipatikani. Maji ya mto yakapanda na kushuka mara nne bila neno.

Nataja maji kwa sababu. Ukoo wetu hulima ukingo wa mto. Mto ukifurika unafuta kila kitu, mipaka na ugomvi wa mipaka, na ukishuka unaacha tope jeusi laini, halina mwenyewe. Ndipo ukoo mzima huteremka na vigingi. Mzee mmoja husimama na kuita majina. Ukiitwa, unajibu "Nipo," na kigingi chako kinapigwa. Kama hupo, mtu wa nyumba yenu anakujibia, anasema "Yuko." Ni neno hilo tu. Jina lisilojibiwa huachwa, na kipande chake hupewa mwingine.

Mara nne Nyanya alimjibia Mjomba Buya, na mara nne alikilima kile kipande yeye mwenyewe, mpunga chini na ndizi juu, mgongo ukilalamika kuliko mimi.

Msimu wa tano mwitaji wa majina alikuwa Babu Hiribae, mdogo wake marehemu babu yangu. Najua hadithi ya ardhi ikianza watu hutafuta mbaya wao, kwa hiyo nawaokoa na kazi hiyo: Babu Hiribae hakuwa mbaya. Alikuwa mrefu, sikio moja bovu, na akicheka alijishika tumbo kama anayezuia lisianguke. Lakini mto ulikuwa umeukata ukingo upande wa mwanawe Dhadho na kuondoka na kipande chake chote, na Dhadho alikuwa na mke na watoto watatu. Siku maji yalipoanza kushuka, Babu alikuja kwetu, akakataa chai, na mtu akikataa chai kwetu ujue amekuja na jambo.

"Mke wa kaka," alisema, "mara nne umejibu yuko. Yuko wapi?"

Nyanya akamwambia kama hayuko basi amwonyeshe kaburi.

"Na kama yuko," Babu akasema, "nionyeshe uso. Au nisikie sauti. Kimoja tu kinanitosha. Mimi nikiita jina la mtu asiyekuwepo, wale watoto wa Dhadho watakula hilo jina?"

Alipoondoka Nyanya alikaa na kikombe alichokataliwa. Mimi nilidhani anaililia ardhi. Kwa akili yangu ya miaka tisa, hata hivyo, jambo la kutisha lilikuwa jingine: niliamini kwamba mtu asipojibiwa pale mtoni, ndivyo anavyokufa. Niliamini ndivyo babu yangu alivyokufa. Waliita, hakuna aliyejibu, basi.

Sasa sikilizeni maajabu. Juma hilo hilo posta walituma mtoto wa shule kusema kuna bahasha ya mama yake Buya, imekaa kule hadi imepata vumbi. Ndani mlikuwa na kisahani cha video na barua ya Kiingereza. Mwalimu wangu wa darasa alitusomea. Aliyeandika ni msichana wa huko, yeye na mwenzake walitengeneza sinema kwa kamera ya kuazima, bila kampani yoyote nyuma yao, kuhusu watu waliotoka nchi mbalimbali na kuishi katika mji wao bila karatasi, wakikataa kufukuzwa. Mwanao Buya yumo, alisema. Sinema ilipokwisha waliitazama naye, akaketi mstari wa pili, akajicheka alivyokonda. Yeye ndiye aliyetoa anwani hii na kuomba mama yake aione. Jina la mji Mwalimu alilitamka kwa namna tatu tofauti, kila moja kwa uhakika mkubwa, basi sisi tukaafikiana kuuita Huko.

Nyanya aliipeleka barua kwa Babu Hiribae. Babu akaigeuza geuza, akasema karatasi haina uso wala sauti, na yeye mwenyewe angeweza kuandika barua ya namna hiyo kama angejua kuandika.

Ilibaki njia moja, na njia hiyo ilipita kwa Wario.

Wario alikuwa Muorma aliyewakimbia ng'ombe. Ndugu zake walichunga, yeye akasema ng'ombe hana mazungumzo. Akanunua televisheni, jenereta na maikrofoni, akajenga banda la mabati, akawa dijei, yaani yule anayeeleza sinema kwa Kiswahili huku inaendelea. Alitafsiri Kichina, Kihindi, Kiingereza na lugha nyingine zote bila kujifunza hata moja. Mchina akifoka, Wario alisema, "Leo utanieleza nani alimaliza chai yangu!" Jambazi akikimbia, alikimbilia Minjila. Mfalme akiugua, alipelekwa hospitali ya Hola akakuta daktari yuko mkutanoni. Watu walilipenda banda lile kwa ajili yake, si kwa ajili ya sinema.

Nyanya alikuwa ameliita banda lile jehanamu yenye paa. Siku ile alisimama mlangoni pake na leso ya kanisani, mimi nimemshika mkono, akaomba kwa heshima aonyeshwe mwanawe. Wario akamtania kwamba alijua tu ipo siku Mama angeokoka. Kisha akauliza sinema ni ya lugha gani. Nyanya akasema ya Huko. "Hiyo naijua vizuri," Wario akasema.

Nilikuwa sijawahi kuingia banda la video, lakini sheria zake nilizijua, maana wavulana wa darasa letu walizihubiri kila asubuhi. Kila sinema ina steringi. Steringi ndiye utakayemwona kwanza. Steringi hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa, kutupwa baharini na mawe miguuni, hafi. Wengine wote ni wa kufa, hasa wanaotokea mara moja wakasema maneno mazuri. Kwa hiyo wakati watu wazima walikuwa wakingoja uso na sauti, mimi nilikuwa na swali moja tu, kubwa kuliko yao: Mjomba Buya ni steringi au si steringi?

Ilikuwa Jumamosi mchana, jua limesimama. Babu Hiribae alikuja na wazee wengine wanne, wakaketi benchi la mbele, mikongojo katikati ya magoti, kama wanaosikiliza kesi. Na ilikuwa kesi kweli. Vijana wa kawaida wa banda walikuwa nyuma, wamekuja kwa kuwa wamezoea kuja. Nyanya aliketi pembeni, wima. Mimi nikasukumwa chini kwenye mkeka, sikio langu karibu kuingia ndani ya spika.

Sinema ikaanza. Wa kwanza kuonekana alikuwa mama mmoja mnene mwenye mifuko miwili, anapanda ngazi. Anapanda. Anapumzika. Anapanda. Steringi alikuwa yule mama.

Wario alianza kwa nguvu zake zote. "Huyu mnayemwona ni komando mstaafu!" Lakini mama aliendelea kupanda ngazi, na hata komando mstaafu ana mwisho wake. Ikaja sufuria inachemka. Sufuria ile ilichemka, wenzangu, ilichemka kwa muda ambao ungeweza kuivisha maharagwe. Vijana wakaanza kusonya. Mmoja akasema, "Dijei, peleka mbele." Babu Hiribae akageuka, akamwambia aache, watu wanataka kuona kinachopikwa.

Ndipo nilipoona jambo ambalo sikulielewa hadi nilipokuwa mtu mzima. Wale wazee hawakuchoka. Watu waliozoea kukaa na kuutazama mto siku nzima kujua kama umepanda kidole kimoja, hao ndio watazamaji. Walibishana kama ule ni mchele au shayiri. Walimhurumia mzee aliyelala kwenye godoro sakafuni, katika jumba lililowahi kuwa kiwanda, watu sitini ndani, nguo zao zimeanikwa juu ya mashine. Waliona foleni ndefu nje ya ofisi, alfajiri, mvua ile ya unga, na mtu akifika dirishani dirisha linafungwa. "Tunakujua," mzee mmoja akaliambia lile dirisha. Waliona askari wakija na karatasi ya kuwaondoa, watu wakibeba vyombo vyao, wakihamia jumba jingine, wakiondolewa na huko. Mtoto alibeba kizimba cha ndege kisicho na ndege. Kila walipofukuzwa, Babu Hiribae alisogea mbele kidogo kwenye benchi, hadi nikadhani ataanguka.

Wario naye alikuwa amenyamaza. Nadhani ndiyo mara pekee katika maisha yake. Maikrofoni ilikuwa mkononi na haikuwa na la kusema.

Kisha watu wakaingia barabarani. Mamia. Mabango, ngoma, midomo inatoa moshi wa baridi. Kamera ikawa inapita usoni kwa mtu mmoja mmoja, na uso mmojawapo, ndani ya kofia ya sufu na koti ambalo lingemtosha yeye na mdogo wake, ulikuwa uso wa Nyanya ukiwa na ndevu.

Nyanya hakupiga kelele. Alisema tu, "Ndiye." Na Babu Hiribae akasema, "Ndiye," na benchi zima likapumua.

Uso umepatikana. Ingeishia pale ingekuwa hadithi fupi. Lakini Mjomba alisimama, akaitazama kamera, akaanza kusema, na hakusema lugha ya Huko. Alisema Kipokomo, lugha yetu ya nyumbani. Chini yake pakatokea maandishi mafupi, na Mwalimu, aliyekuwa kajipenyeza nyuma, alituambia baadaye kwamba maandishi yalisema: anazungumza lugha yake. Basi. Katika mji ule wote hakuna aliyejua anasema nini. Alikuwa amesafirisha maneno yale kwa posta hadi chumba pekee duniani ambacho yangeeleweka.

"Mama," alisema, "kama unaniona, hujambo."

Hapo Nyanya alitabasamu.

"Mimi sirudi kulima," akaendelea.

Na hapo hapo maikrofoni ikalipuka. Wario alisimama, mdomo umemeza chuma, akanguruma hadi bati likatetemeka: "Mama! Mimi Buya, mtoto wako wa mwisho! Asiguse mtu kipande changu! Maji yakishuka niko njiani, jembe begani!" Vijana wa nyuma wakashangilia, angalau sasa kuna kitu. Wario alikijua Kipokomo kama sisi. Huwezi kununua ndizi Garsen miaka yote ile usikijue. Alikuwa ameelewa sentensi moja, na ikamtosha.

Lakini mimi nilikuwa na sikio kwenye spika. Sauti ya Wario ilitoka spika ya juu, ya Mjomba ilitoka hii ya chini, ndogo, karibu, kama ananinong'oneza mimi: "Wape wanaokula. Najua unanijibia pale chini. Nimechoka kujibiwa na sipo. Usinijibie tena, Mama."

Askari wakaja. Wakamshika yeye na wengine wawili, wakawapandisha kwenye lori, mlango ukafungwa. Na sinema ikaendelea bila yeye. Ikaendelea, na ikaendelea, na yule mama mnene akapanda ngazi nyingine, na maandishi yakaanza kupanda naye. Nikajua. Katokea mara moja, kasema maneno mazuri, kachukuliwa. Mjomba wangu alikuwa amekufa kwa sheria zote.

Nje, wazee walikubaliana haraka. Uso umeonekana, sauti imesikika. Babu Hiribae alimpa Nyanya mkono na kusema keshokutwa wateremke na vigingi. Alikuwa na haraka isiyo ya kawaida, kama mtu anayeogopa kuulizwa.

Mimi na Nyanya tulirudi nyumbani juani, nikalia njia nzima. Aliniacha hadi tukafika penye kivuli cha ukuta wa shule, akaniuliza nalilia nini naye ndiye mwenye mwana. Nikamweleza sheria ya steringi, kwikwi katikati ya kila neno.

Alisikiliza yote kwa makini. Kisha akasema, "Barua ilisema waliitazama pamoja ikishakwisha. Aliketi mstari wa pili. Maiti huketi mstari wa pili, mke mwenzangu?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Wavulana wa darasa letu nao hawakuwahi kulifikiria.

"Sasa niambie alichosema," akasema. "Wewe ulikuwa kwenye spika."

Nikafuta kamasi, nikarudia maneno ya Wario kama yalivyo, jembe begani na yote. Nilikuwa mwongo mbaya. Bado ni mwongo mbaya, ndiyo maana nimebaki kijijini. Nyanya akatikisa kichwa.

"Buya akinidanganya hutazama pembeni. Tangu yuko hivi." Akaonyesha kimo cha mbuzi. "Leo alinitazama machoni. Kwa hiyo alisema kweli, na kweli ya mtu aliyenyamaza misimu minne haiwezi kuwa jembe. Sema."

Nikasema. Nilisema yote, hadi usinijibie tena. Yeye alikuwa ameegemea ukuta ule, na chokaa nyeupe ilibaki begani mwake, akawa hivyo hadi nyumbani. Hakulia. Aliniuliza kitu kimoja tu: kama sauti yake ilikuwa na mafua. Nikasema ndiyo, kidogo. Akasema koti lile halina vifungo, ameliona.

Keshokutwa yake tuliteremka. Tope lilikuwa zuri, lile la kuzama hadi kifundo, linanuka majani na samaki. Babu Hiribae aliita majina, vigingi vikapigwa. Alipofika kwa Buya alikohoa kwanza. Mimi nilikuwa nimemshika Nyanya leso kwa nyuma, nikiwa na hakika kwamba akinyamaza Mjomba anaanguka Huko, pale pale barabarani.

"Buya."

Nyanya alikaa kimya kiasi cha mtu kunywa maji.

"Yuko," akasema. "Lakini halimi. Pigeni kigingi cha jina lake, na ndani yake alime Dhadho."

Watu waligeuka. Jambo hilo halikuwa limewahi kufanyika, jina la mmoja na jembe la mwingine, na mzee mmoja alianza kusema haliwezekani. Nyanya akamwuliza kwani yeye alidhani anataka tope. Tope analo la kumtosha kuzikiwa. "Nilitaka aitwe na ajibiwe," akasema. "Ameniomba nisimjibie, na hilo nimemkatalia. La kuwapa wanaokula nimemkubalia. Nusu kwa nusu. Mimi ni mama yake, si mtumwa wake."

Dhadho alikuwa akitazama miguu yake. Babu Hiribae alikipiga kile kigingi mwenyewe, mapigo mengi kuliko kilivyohitaji. Kisha akaja hadi tulipo, akainama upande wangu ingawa maneno yalikuwa ya Nyanya.

"Nilisikia, mke wa kaka," akasema. "Sikio bovu ni hili moja tu. Jingine lilikuwa upande wa spika."

Nyanya akamwuliza mbona basi alikubali.

"Nilikuwa nimekaa pale nikiona watu wakifukuzwa mchana kutwa," Babu akasema. "Ningetokaje nje nikamfukuze mwingine?"

Wario nilimwuliza miezi baadaye, nilipopata ujasiri, kwa nini alisema maneno ambayo hayakusemwa. Alikuwa anamwaga petroli kwenye jenereta, hakuinua kichwa. Alisema kazi yake ni kutafsiri, kusikiliza ni kazi ya waliolipa kuingia. Kisha akaniuliza kama Nyanya alifurahi. Nikasema alijua. Akasema, "Najua alijua. Nimekuuliza kama alifurahi."

Nyanya ametutoka sasa, na Babu Hiribae alimtangulia. Wapenda safari wote wa ukoo wetu wamesafiri, kwa hiyo kazi ya kumjibia Mjomba Buya ilimwangukia asiyekwenda popote. Maji yakishuka nateremka. Siku hizi Dhadho ndiye mwitaji, ana mvi, na akifika kwenye jina lile hunitazama kwa ubishi kidogo, kama kwamba safari hii labda nitasahau. Nasema "Yuko," kigingi kinapigwa, yeye mwenyewe anaendelea kukilima kile kipande.

Mjomba alipata karatasi zake, ilichukua miaka. Ana simu yenye picha, ana mvi pia, na kweli hajawahi kurudi hata kwa mazishi, jambo ambalo nilimnunia kwa msimu mzima na yeye akanivumilia. Mwaka huu nilimpigia nikiwa pale pale kwenye tope, nikamwonyesha mto. Nikamwambia, kwa uchokozi tu, kwamba nimetoka kumjibia muda huu, na kwamba asijisumbue kunikataza, tabia hii nimerithi.

Akausogeza uso karibu na simu.

"Kile kipembe cha chini," akasema, "karibu na kona ya mto, Dhadho amepanda nini?"

Nikageuza simu aone. Nikasema mahindi.

"Mwambie ang'oe. Pale maji hurudi mara ya pili. Ni pa mpunga pale. Tangu zamani ni pa mpunga."

Nikamwita Dhadho, nikampa simu aambiwe mwenyewe. Walibishana hadi salio likaisha. Dhadho alinirudishia simu, akakaa kidogo mikono kiunoni akiitazama ile kona. Kisha akaanza kung'oa mahindi.